Maua tele, kiwi hakuna: kisa cha mikiwi minne kaskazini ya Munich

Mikiwi miwili ya aina ya Ananasnaya ilipandwa mwezi Mei kwenye bustani ya nyumba moja kaskazini ya Munich, Ujerumani, ikapandishwa juu ya kichanja cha waya. Ilikua vizuri kupita matarajio: kufikia mwaka wa tatu ilikuwa imefunika kichanja chote. Mwaka wa nne ikatoa maua machache. Mwaka wa tano yakaja kwa mamia, meupe kama maziwa, yakining'inia chini ya majani. Wiki mbili baadaye ardhi ilikuwa imejaa vikonyo vilivyokauka, na juu ya kichanja hapakuwa na tunda hata moja. Mwaka wa sita ikawa vilevile, isipokuwa kwa maua machache yaliyochavushwa kwa mkono.

Kiwi tunayoizungumzia si ile kubwa ya dukani yenye ngozi ya manyoya. Hii ni Actinidia arguta, kiwi ya nchi za baridi, yenye asili ya China, Korea, Japani na mashariki ya mbali ya Urusi. Tunda lake ni kubwa kidogo kuliko zabibu, ngozi ni laini na huliwa zima bila kumenywa. Mmea uliolala kabisa wakati wa baridi huvumilia nyuzi 30 chini ya sifuri, ndiyo maana Waswahili wanaoishi Ujerumani, Poland au kaskazini ya Marekani hukutana nao vitaluni. Jina Ananasnaya limetoka kwenye neno la Kirusi ananas, ambalo ndilo nanasi letu, kwa sababu ya harufu ya tunda likiiva.

Mikiwi ina mimea ya kike na ya kiume. Mwenye bustani alilijua hilo tangu mwanzo. Pembeni mwa majike mawili alipanda mkiwi wa tatu ulioandikwa kwenye lebo "dume la kiwi ya baridi", na huo ulichanua kila mwaka. Mwaka wa tatu akaongeza wa nne, wenye jina Weiki, ili dume la kwanza lipate msaada. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa majike mawili na madume mawili, na jibu la "huna dume" halikumwingia akilini.

Kabla ya kuchunguza maua, vitu vitatu vilijaribiwa. Kwanza mbolea: samadi iliongezwa kila chemchemi, na mikiwi ikajibu kwa majani makubwa na matawi ya mita 5 kwa msimu mmoja. Mmea wenye nguvu hivyo haukosi chakula, na naitrojeni ikizidi huongeza kivuli tu juu ya maua. Pili maji: mpira wa matone ukawekwa. Huo ulikuwa na faida, maana mizizi ya mkiwi iko juujuu na hukauka upesi, ila haukuleta tunda. Tatu ikashukiwa baridi ya ghafla ya katikati ya Mei, ile ambayo Wajerumani huiita Eisheiligen, kati ya tarehe 11 na 15.

Baridi hiyo ni adui wa kweli wa mkiwi, ila alama zake ni tofauti. Chipukizi changa la sentimita chache hufa likipigwa na nyuzi 2 chini ya sifuri kwa nusu saa hivi. Linalegea, kesho yake linakuwa jeusi kama lililomwagiwa maji ya moto. Baada ya wiki mbili tatu mmea hutoa machipukizi mengine kutoka kwenye macho ya akiba, na hayo huwa na maua machache au hayana kabisa. Mkiwi uliopigwa na baridi haukupi maua. Hapa maua yalikuwepo tele, yalifunguka yote, kisha yakaanguka na vikonyo vyake, na kile kivimbe cha kijani katikati ya ua kikageuka njano bila kukua hata milimita moja. Hiyo ni alama ya ua ambalo halikupata chavua hai. Chavua ikifika kidogo, tunda hushika lakini huwa dogo na lililopinda upande, kwa kuwa ukubwa wa kiwi hufuata idadi ya mbegu ndani yake. Katika bustani hii halikushika hata lililopinda, kwa hiyo chavua hai ilikuwa karibu haifiki kabisa.

Ndani ya ua

Aliyekulia kwenye mipapai anajua kutenganisha dume na jike kwa mbali: mpapai dume hushusha vishada virefu vya maua madogo, jike hukalisha ua kubwa kifuani pake. Mkiwi haukupi urahisi huo. Ua la mkiwi jike lina stameni nyingi, yaani viungo vya kiume vya ua, zenye vifuko vyeusi vya chavua kama la dume, na vifuko hivyo hutoa unga. Nyuki hutua juu yake na kuuchukua. Unga huo ni maganda matupu yasiyoota. Hapo ndipo wengi hukosea: wakiona unga, husema hili ni dume.

Unachotafuta kiko katikati. Chuma ua lililofunguka asubuhi hiyo, ling'oe petali, ulitazame kwa juu. Kwenye jike utaona kivimbe cha kijani chenye umbo la chupa ndogo, na juu yake nyuzi nyeupe zaidi ya kumi zimetawanyika pande zote kama mbavu za mwavuli. Nyuzi hizo ndizo zinazopokea chavua. Kwenye dume hakuna mwavuli wala chupa, kuna kinundu kidogo tu kilichozama katikati ya stameni. Ukipasua ua kwa wembe kutoka juu hadi kikonyoni, jike litakuonyesha vyumba vya mbegu, na dume halina kitu. Dalili ya pili ni mpangilio: jike hutoa ua moja hadi matatu kwenye kikonyo kimoja, dume hutoa kishada chenye maua zaidi.

Mwezi Juni wa mwaka wa sita maua ya mikiwi yote yalipasuliwa. Majike mawili ya Ananasnaya yalikuwa majike kweli. Mkiwi wa nne, Weiki, ndio ulikuwa unachanua kwa mara ya kwanza, na kila ua lilikuwa na mwavuli mweupe katikati. Lilikuwa jike la tatu.

Jina Weiki lenyewe ndilo lililopoteza njia. Aina hii ilitoka Weihenstephan, mji wa Freising, karibu na hapo hapo, na huuzwa kwa jinsia mbili: Weiki jike na Weiki dume. Lebo ya mmea ule ilisema Weiki, basi, bila kutaja jinsia. Aliyenunua alisoma mahali kwamba Weiki ni dume zuri, na alichosoma ni kweli kwa nusu moja ya mimea yenye jina hilo. Kabla ya kulipa, jinsia iwe imeandikwa pamoja na jina. Kama haikuandikwa, acha mmea huo hapo kitaluni.

Dume lililowahi kuondoka

Mkiwi wa tatu ulikuwa dume halisi, na hilo ndilo lililofanya kisa hiki kichukue miaka. Uliwekwa kwenye orodha ya vitu visivyo na tatizo. Lakini majani yake yalikuwa tofauti: membamba zaidi, na mwezi Mei na Juni ncha zake zilikuwa nyeupe na waridi kama zilizochovywa rangi. Hiyo ni alama ya Actinidia kolomikta, jamaa wa arguta anayestahimili baridi kali zaidi, na rangi hiyo huonekana sana kwa madume. Vitalu vingi huuza spishi zote mbili kwa jina moja la "kiwi ya baridi", na hapo mnunuzi hawezi kujua.

Kalenda ya mwaka huo ilieleza kila kitu. Kolomikta ilifungua maua katikati ya Mei na ikamaliza kabla ya mwezi kwisha. Ua la kwanza la Ananasnaya lilifunguka wiki ya kwanza ya Juni. Siku jike lilipoanza kupokea, dume halikuwa na ua hata moja. Ndiyo maana tunasisitiza kuandika tarehe: siku ua la kwanza linapofunguka na siku la mwisho linapodondoka, kwa kila mmea, peke yake. Kumbukumbu ya kichwani husema "vyote huchanua masika", na kumbukumbu hiyo ilimgharimu mtu huyu misimu miwili.

Hata kama tarehe zingekutana, kolomikta lisingekuwa dume la kutegemea kwa arguta. Kwa kawaida kolomikta ina kromosomu 58 na arguta ina 116. Watafiti wameweza kuchanganya spishi za Actinidia kwa kazi ya mikono, lakini mavuno ya bustani hayajengwi juu ya bahati hiyo. Madume ya kiwi kubwa ya dukani, kama Tomuri na Matua, yana upungufu mwingine: kiwi kubwa huchanua nyuma ya arguta, na baridi ya Bavaria, jimbo la Munich, huyaumiza.

Kuna kosa la tatu, dogo lakini lingeharibu hata dume sahihi. Kila Februari mikiwi yote ilipogolewa kwa mtindo mmoja, na dume ndilo lililokatwa zaidi "kwa kuwa halizai". Ua la mkiwi hutokea kwenye chipukizi jipya linaloota juu ya tawi la mwaka uliopita. Ukikata matawi hayo ya dume wakati wa baridi, umekata chavua ya mwaka mzima. Jike hupogolewa akiwa amelala, Desemba hadi mapema Februari, kabla utomvu haujapanda. Dume hupogolewa mwezi Juni, mara tu maua yake yanapoisha: kata matawi yaliyotoa maua, acha machipukizi mapya karibu na shina ndiyo yawe matawi ya mwakani.

Jaribio la uzi mwekundu

Maelezo yote haya yalikuwa bado dhana hadi tunda lionekane. Katika bustani ya jirani kulikuwa na arguta dume, na likachanua wiki ileile na Ananasnaya. Maua yake yakaombwa.

Jaribio lenyewe ni rahisi na linastahili kufanywa na yeyote mwenye shaka. Chagua maua 20 ya jike yaliyofunguka siku hiyo au jana yake, ambayo nyuzi zake bado ni nyeupe na mbichi. Nyuzi zikishakuwa za kahawia, ua limezeeka. Asubuhi umande ukikauka, chuma ua la dume ambalo petali zimerudi nyuma na vifuko vimepasuka, ukiligusa kucha linaacha vumbi. Shika kikonyo, pindua ua, usugue vifuko taratibu juu ya nyuzi nyeupe, kuzunguka pande zote. Usiguse upande mmoja tu, maana nyuzi zilizo upande huo ndizo zitakazopeleka chavua zaidi na tunda litapinda. Ua moja la dume linatosha majike matano hivi. Funga uzi mwekundu kwenye kila kikonyo ulichohudumia. Rudia kesho yake kwa maua yaleyale.

Wiki mbili baadaye maua yasiyo na uzi yalikuwa chini. Yenye uzi karibu yote yalikuwa yamebaki, na vivimbe vyake vimefikia ukubwa wa punje ya mbaazi. Hapo mjadala wa mbolea na maji ukafungwa.

Kama maua ya dume yanapatikana kabla ya jike kuwa tayari, chavua inaweza kusubiri. Kata vifuko kwa mkasi mdogo, vitandaze juu ya karatasi ndani ya chumba kikavu usiku kucha, mbali na jua. Vikipasuka, chekecha unga, utie kwenye kichupa pamoja na kipakiti cha kukaushia unyevu, ukiweke friza. Unyevu ndio unaoiua chavua haraka.

Kuchagua dume, na pa kuliweka

Kwa bustani ya arguta, dume lazima liwe arguta, lililozalishwa kwa vipandikizi vya tawi na si kwa mbegu. Mche wa mbegu haujulikani jinsia mpaka uchanue, na hilo huweza kuchukua miaka 7 au zaidi. Ulaya, majina yanayopatikana kwa urahisi ni Weiki dume na Nostino. Chagua linalochanua pamoja na jike lako katika eneo lako, na kama kitalu kinaruhusu, nunua mwezi Juni mmea ukiwa na ua, upasue ua moja papo hapo. Muuzaji mzuri hatakukataza.

Watu huuliza kuhusu Issai, aina ya Kijapani inayozaa bila dume. Inazaa kweli, ila matunda yake yasiyopata chavua huwa madogo na yenye mbegu chache au bila mbegu, na baridi huiumiza kuliko Ananasnaya. Kuipanda ili ichavushe majike mengine ni kujidanganya.

Dume moja linatosha majike 6 hadi 8. Liwe ndani ya mita 10 hivi, kwa sababu ua la mkiwi halina asali ya kumvuta nyuki. Nyuki huja kwa chavua peke yake, na mahali penye maua mengine matamu humpita mkiwi. Siku za mvua na ubaridi nyuki wa asali hubaki mzingani, lakini wale nyuki wakubwa wenye manyoya huendelea kufanya kazi. Usiwaondolee vichaka na nyasi kavu wanamotaga.

Bustani hii ilichukua njia mbili kwa pamoja. Weiki dume mpya lilipandwa Mei ya mwaka wa saba, baada ya tarehe 15, mahali pa kolomikta iliyong'olewa. Lilipewa udongo usiotuamisha maji, maana mizizi ya mkiwi huoza upesi pakiwa na dimbwi. Matandazo ya sentimita 8 yasiyogusa shina. Na uzio mdogo wa waya kuzunguka shina. Uzio huo ni wa paka. Paka hupenda harufu ya mikiwi, hujigaragaza juu ya mche na kuutafuna hadi chini.

Dume hilo lingehitaji miaka mitatu au minne kabla ya kuchanua. Kwa hiyo tawi la dume lilibebeshwa pia kwenye jike moja, yaani kikonyo (hapa ni kijitawi kilichokatwa kwa dume) kilipachikwa kwenye tawi la jike ili viungane. Wakati ndio uliokuwa mgumu. Mkiwi ukikatwa mwezi Machi hutiririsha utomvu kwa siku nyingi, na utomvu huo husukuma kikonyo kilichobebeshwa kikazama na kuoza. Vikonyo vilikatwa kwa jirani mwezi Januari, vikafungwa kwenye karatasi yenye unyevu kidogo ndani ya mfuko, vikalala kwenye jokofu kwa nyuzi 2 hadi 4. Kazi ikafanywa mwishoni mwa Mei, majani yakiwa yamekunjuka na utomvu umetulia.

Lilichaguliwa tawi la unene wa kidole gumba, karibu na shina kuu, likakatwa na kupasuliwa katikati. Kikonyo cha macho mawili kikachongwa kama kabari ya sentimita 3, kikaingizwa upande mmoja wa mpasuko ili ganda la kijani la kikonyo likutane na ganda la kijani la tawi. Ukikiweka katikati, maganda hayakutani na kikonyo hufa. Kisha mkanda ukakazwa, na nta ikapakwa hadi kwenye ncha. Jicho lilifunguka baada ya wiki nne. Kila chipukizi lililoota chini ya kiungo kwenye tawi hilo liling'olewa kwa mkono, kwa kuwa ni jike na lingelinyima dume chakula.

Juni ya mwaka wa saba matunda yalitokana na kazi ya mikono na maua ya jirani. Mwaka wa nane tawi lililobebeshwa lilitoa vishada vichache, vikatumika kwa kusugua. Mwaka wa tisa lilichanua lenyewe sawasawa na majike matatu, nyuki wakafanya kazi, na mwisho wa Septemba kichanja kilikuwa kizito kiasi kwamba nguzo mbili za pembeni ziliinama na kuhitaji kuegemezwa. Mkiwi uliokomaa hubeba kilo 20 na kuendelea. Nguzo za mbao laini hazifai. Matunda ya Weiki, yule "dume" wa kwanza, yaliiva pamoja na mengine.

Kabla ya kuchuma, tunda moja hukatwa katikati. Mbegu zikiwa nyeusi zote, yanaweza kuchumwa yakiwa magumu na kumalizia kuiva ndani ya nyumba. Zikiwa bado nyeupe au za kahawia hafifu, yaachwe, maana yatasinyaa bila kupata utamu.

Tawi la dume sasa lina mkanda wa rangi nyeupe kutoka kwenye kiungo hadi mita moja mbele, nalo limepewa waya wake, kiasi cha sehemu moja ya sita ya kichanja. Bila mkanda huo, Februari majani yakiwa hayapo, tawi la dume na la jike hayana tofauti, na mara nyingi mkasi wa kupogolea ndio unaoliondoa dume ambalo mtu alilisubiri miaka miwili.